Presha ya Vijana Ipimwe, Isikisiwe

Neno "presha" limekuwa neno la kila siku katika ofisi za umma na katika vyumba vya walimu. Mtumishi aliyecheleweshewa barua ya kupandishwa cheo husema ana presha. Mwalimu anayesubiri matokeo ya kidato cha nne husema presha imempanda. Mshabiki wa mpira, timu yake ikiwa imebakiwa na dakika tano, husema presha inapanda na presha inashuka. Na neno hilo hilo ndilo ndugu wa mgonjwa hulitaja wanapoulizwa wodini ni kitu gani kilichomwangusha mtu wao. Watu wana uhuru wa kuitumia lugha yao wapendavyo, wala hakuna sababu ya kuwagombeza. Lakini neno moja linapobeba mambo mawili yaliyo mbalimbali, moja la moyoni na jingine la mishipani, wako watakaopotezwa nalo, na miongoni mwao wamo vijana wengi wenye umri wa miaka 20 na 30 na kitu.

Vijana hao hupotea kwa njia mbili. Yuko yule ambaye usiku moyo humwenda mbio, mikono ikamtetemeka, kifua kikambana, akaona kwamba siku zake zimekwisha. Kulipokucha huenda dukani kwa muuza dawa, amefika kwa miguu na kwa haraka, akafungwa mkanda mkononi akiwa bado amesimama, akaambiwa ana 150 kwa 95. Hurudi nyumbani na pakiti ya vidonge na imani kwamba yeye ni mgonjwa wa presha maisha yake yote. Na yuko mwingine, ambaye hasikii lolote, au husikia kichwa kizito mwisho wa juma na kusema ni mawazo tu, kwa kuwa presha, kwa jinsi anavyojua, ni ugonjwa wa wazee. Huyu hapimwi kabisa. Wa kwanza amepewa ugonjwa ambao huenda hana, na wa pili amenyimwa habari za ugonjwa alio nao. Wote wawili wamedhulumiwa na kosa lile lile la kuukisia ugonjwa unaopimika.

Shinikizo la damu si hisia. Ni nguvu ambayo damu husukuma nayo kuta za mishipa, na nguvu hiyo ina kipimo. Tarakimu ya juu ni ya wakati moyo unapojikaza na kuisukuma damu, na ya chini ni ya wakati moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo. Mkanda wa kufunga mkononi ulibuniwa na daktari Mwitaliano, Scipione Riva-Rocci, mwaka 1896. Mwaka 1905 daktari wa Kirusi, Nikolai Korotkov, alionyesha namna ya kusikiliza mshipa kwa chombo cha masikioni mkanda unapolegezwa, na hapo ndipo zilipoweza kupatikana tarakimu zote mbili. Basi kwa zaidi ya miaka 100 binadamu amekuwa na njia nyepesi, isiyotoa damu wala kuleta maumivu, ya kujua jambo hili. Kuendelea kulikisia ni uzembe, na uzembe huo hauwezi kusingiziwa umaskini peke yake.

Ni kweli kwamba hofu hupandisha shinikizo. Mtu akishtuka, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo huenda kasi, mishipa hujikaza, na tarakimu hupanda palepale. Mwili hufanya hivyo ili mtu aweze kupigana au kukimbia, na jambo likishapita hutulia. Jinsi tarakimu zinavyoweza kudanganya kwa sababu hiyo ilionyeshwa vizuri na madaktari wa Milan, Italia, mwaka 1983. Waliwachukua wagonjwa 48 waliokuwa hospitalini, wakaliangalia shinikizo lao mfululizo kwa chombo kilichowekwa ndani ya mshipa, kisha daktari akaingia chumbani kuwapima kwa mkanda wa kawaida. Kwa kuingia kwake tu, katika dakika chache za mwanzo, tarakimu ya juu ilipanda kwa wastani wa karibu 27 na ya chini kwa karibu 15. Mwaka 1987 wachunguzi hao walirudia jambo hilo wakimtumia muuguzi badala ya daktari, na kule kupanda kukapungua kwa karibu nusu. Yafaa wakubwa wa kazi wayafikirie matokeo hayo, kwa maana kama koti jeupe la daktari lafanya hivyo, haijulikani ni mangapi yafanywayo na sauti ya mkuu anayeita watu ofisini kwake kwa kufoka.

Kwa hiyo kijana mwenye wasiwasi aliyepimwa mara moja, tena kwa haraka, hajapimwa. Lakini ni hatari kubwa kuruka kutoka hapo na kusema kwamba kila tarakimu ya juu kwa kijana ni ya hofu. Lile shinikizo ambalo ni ugonjwa, yaani lile linalobaki 140 kwa 90 au zaidi siku baada ya siku, hata mtu akiwa ametulia, kwa kawaida halina dalili yoyote. Halileti mapigo ya kasi wala jasho. Hufanya kazi yake kimya, mwaka hadi mwaka, likiukaza moyo, likiharibu mishipa myembamba ya figo na ya macho, mpaka siku ya kiharusi au siku figo zinaposhindwa. Mwenye moyo wa mbio huenda hospitali kwa sababu anaogopa. Mwenye ugonjwa hasa hukaa nyumbani kwa sababu hana cha kumwogopesha.

Hesabu zilizopo zaonyesha jinsi ukimya huo ulivyo mkubwa. Uchunguzi uliofanywa Ilala, jijini Dar es Salaam, na wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2000, ulikuta kwamba karibu watu wazima 3 katika kila 10 walikuwa na shinikizo la kiwango hicho au zaidi, mjini na shambani pia. Katika hao, waliokuwa wakijua kwamba wanao ugonjwa hawakufika hata mmoja katika watano. Waliokuwa wakitumia dawa walikuwa kama mmoja katika kumi, na wale ambao dawa zilikuwa zimelishusha shinikizo mpaka panapotakiwa hawakufika mmoja katika mia. Uchunguzi wa Taifa wa mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 nao ulikuta zaidi ya robo wanao ugonjwa huo. Umri huo wa miaka 25 ndio umri wa mwalimu mpya na wa karani aliyeajiriwa juzi.

Je, wasiwasi wa muda mrefu huweza kuugeuza moyo wenye afya ukawa na ugonjwa huo? Wengi hujibu haraka kwamba ndiyo, lakini wataalamu hawajibu kwa haraka hiyo. Nchini Marekani, katika miji minne, watu zaidi ya 3,300 waliokuwa na umri wa miaka 18 hadi 30 walianza kufuatiliwa mwaka 1985, na wakaendelea kupimwa kwa miaka 15. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Vijana waliokuwa na tabia ya kukosa subira, ya kuona daima kwamba muda hautoshi, na wale waliokuwa na uadui na chuki kwa watu wengine, walipata ugonjwa wa shinikizo zaidi ya wenzao. Wale waliokuwa na wasiwasi au huzuni, kinyume cha matarajio ya wengi, hawakuonekana kuwazidi wenzao. Tafiti nyingine zimeona uhusiano fulani kati ya wasiwasi na shinikizo, na kwa hiyo neno la mwisho bado. Lililo dhahiri ni kwamba anayesema "ni mawazo tu" hana ushahidi wa kutosha wa kumtuliza mtu mwenye tarakimu za juu, na anayesema "mawazo yatakuua kwa presha" hana ushahidi wa kutosha wa kumtisha mwenye mawazo.

Pale wasiwasi unapoharibu zaidi ni katika yale ambayo mtu huyafanya ili kuukimbia. Asiyelala usiku hutafuta kinywaji cha kumwamsha asubuhi, na vinywaji vya kuongeza nguvu vinauzwa kila kona. Jioni hutafuta pombe ya kumlaza. Wengine huvuta sigara au hutafuna mirungi. Mwalimu anayeishi peke yake kijijini hana hamu ya kupika, akanunua chipsi akazinyunyizia chumvi kabla hajazionja. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo ndani ya dagaa, ndani ya samaki wa chumvi na ndani ya sosi ya chupani. Ni wachache wanaoihesabu hiyo ya ndani.

Wala si haki kuzungumza juu ya tabia za vijana bila kuzungumza juu ya maisha yao. Kijana anayeajiriwa leo huanza kazi akiwa na deni. Kama alisoma kwa mkopo wa elimu ya juu, makato yake, ambayo marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yaliyaweka katika asilimia 15 ya mshahara wa msingi, huanza mara tu. Kuna wadogo zake wanaosubiri ada, kuna wazazi, kuna michango ya harusi za wenzake. Barua ya kupangiwa kazi huweza kumpeleka mamia ya maili kutoka kwao, mahali asipomjua mtu. Mwisho wa mwezi ukifika bado siku kumi, mtu huyo huingia katika mikopo ile ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu, na jina hilo halikutungwa kwa mzaha. Kumwambia kijana wa namna hiyo apunguze mawazo ni sawa na kumwambia aliyenyeshewa akauke. Kuna mambo ambayo yeye hana uwezo nayo na mwajiri wake anao: kulipa stahili za uhamisho kwa wakati, kujibu barua za watumishi, kutowafanya wageni kazini wapagazi wa kazi ambazo wenyeji wamezichoka.

Liko jambo jingine ambalo huenda likawashangaza viongozi wa sehemu za kazi. Upimaji uliofanywa vibaya waweza kuleta ugonjwa. Katika kiwanda cha chuma cha Hamilton, nchini Kanada, wafanyakazi walipimwa shinikizo, na baadhi yao, waliokuwa hawajui lolote na wakifanya kazi zao bila taabu, wakaambiwa wanao ugonjwa. Taarifa iliyotolewa mwaka 1978 ilionyesha kwamba baada ya kuambiwa hivyo, siku walizokosa kazini kwa ugonjwa ziliongezeka kwa asilimia 80. Dawa hazikuwa ndizo chanzo, kwa maana kukosa kazi kuliongezeka hata kwa wale ambao hawakupewa. Neno ndilo lililowalaza. Haifuati kwamba watu wasiambiwe ukweli. Inafuata kwamba mtu asiambiwe mpaka ukweli wenyewe umepatikana, na akishaambiwa aelezwe maana yake: kwamba ni hali inayotawalika, na kwamba mwenye nayo aweza kufundisha, kulima, kuoa na kuzaa, na kustaafu kwa umri wake.

Ukweli huo hupatikana kwa utaratibu ambao si mgumu. Anayepimwa akae kwenye kiti chenye egemeo kwa dakika 5, miguu ikiwa sakafuni bila kupishanishwa, mkono ukiwa juu ya meza usawa wa moyo, naye asizungumze. Awe amekwenda haja ndogo. Nusu saa kabla ya hapo asiwe amekunywa kahawa wala kuvuta sigara. Mkanda uwe wa kadiri ya mkono wake, kwa kuwa mkanda mdogo katika mkono mnene hutoa tarakimu za uongo zilizo juu. Apimwe mara mbili au tatu, kwa kupumzika kidogo kati ya kipimo na kipimo, kisha arudi siku nyingine. Ikiwezekana apimwe nyumbani kwake asubuhi na jioni kwa siku kadhaa, na huko kiwango cha kutilia shaka ni 135 kwa 85, kwa maana nyumbani mtu ametulia zaidi. Wako ambao nyumbani hawana neno ila hospitalini hupanda. Hao kwa kawaida hawahitaji vidonge mara moja, lakini wapimwe tena kila mwaka kwa sababu baadhi yao ugonjwa huja baadaye. Na wako wa kinyume chao, ambao mbele ya daktari wametulia kumbe kazini tarakimu zimepanda. Hawa ndio rahisi kuwasahau. Ila mtu akikutwa na 180 kwa 120 au zaidi, pamoja na maumivu ya kifua, kuishiwa pumzi, macho kufifia, kuchanganyikiwa au udhaifu wa upande mmoja wa mwili, hapo hakuna habari ya kurudi siku nyingine. Apelekwe hospitali saa ileile.

Kijana ambaye kwa utaratibu huo amethibitika kuwa na shinikizo la juu anastahili swali ambalo mzee haulizwi sana: limetoka wapi? Kwa wazee ugonjwa huu mara nyingi hauna chanzo kimoja. Kwa kijana inafaa chanzo kitafutwe. Figo zaweza kuwa zimeharibika kwa ugonjwa wa utotoni ambao hakuna aliyeukumbuka. Kipimo cha mkojo, ambacho ni rahisi, huweza kuonyesha dalili. Mshipa mkubwa utokao moyoni waweza kuwa umebanwa tangu kuzaliwa. Dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki, ambazo watu huzinunua kama pipi, hupandisha shinikizo na huumiza figo. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni navyo huweza kulipandisha kwa baadhi ya wanawake. Mwanamke anayetumia dawa za shinikizo na anayetarajia kupata mimba amweleze daktari mapema, maana ziko dawa, kama kaptoprili na losatani, ambazo zaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Tena kuna magonjwa ambayo huuvaa wasiwasi kama nguo. Tezi ya shingoni inapofanya kazi kupita kiasi, mtu hutetemeka, hutoka jasho, hukonda na moyo humwenda mbio. Kuna uvimbe, nao ni wa nadra sana, ambao huota katika zile tezi za juu ya figo na kuimwaga ile ile homoni ya hofu bila kuwapo jambo la kuogopwa: mtu hupatwa na kichwa cha kupasuka, jasho na mapigo ya kasi, shinikizo likapanda, kisha hali ikapita. Mtu wa namna hiyo huweza kuitwa mwoga kwa miaka mingi, au kuambiwa amerogwa, na ilhali vipimo vya damu na mkojo vingemsemea.

Na pale ambapo vipimo vyote vimekuwa safi na kilichobaki ni wasiwasi wenyewe, usidharauliwe kwa sababu hiyo. Mashambulizi ya ghafla ya hofu, ambayo hufika kileleni katika dakika chache kisha hutulia, ni ugonjwa unaotibika, na tiba yake ya mazungumzo yenye mpango inajulikana. Wala isidhaniwe kwamba tiba hiyo ni ya nchi zenye madaktari wengi tu. Mjini Harare, nchini Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kazi ya kuwafundisha wahudumu wa afya wasio wataalamu wa akili, wengi wao mabibi, kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasaidia kuyapanga na kuyatatua matatizo yao moja baada ya jingine. Washona wanalo neno lao, kufungisisa, lenye maana ya kuwaza kupita kiasi, na ndilo lililotumika badala ya majina ya kihospitali. Majaribio yaliyofanyika katika kliniki 24 na kuchapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa katika benchi hizo walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Neno la wananchi lilitumiwa kama mlango wa kuingilia, halikutumiwa kumalizia uchunguzi. "Mawazo" na "presha" ya hapa yangeweza kutumiwa vivyo hivyo.

Nchi hii si ngeni katika kazi ya kuwaelimisha watu wake juu ya afya. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu kama milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana juu ya malaria, kichocho, safura na kuhara, na vyoo vingi vilichimbwa vijijini kwa nguvu za wananchi. Walimu walikuwa miongoni mwa waliokuwa mstari wa mbele. Adui wa siku hizo alionekana: mbu, konokono, kinyesi kilichoachwa wazi. Adui wa sasa haonekani ila kwa mkanda na tarakimu, na hapo ndipo kazi ilipo. Watumishi wa umma hukatwa kila mwezi mchango wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanza kazi mwaka 2001, na wengi wao huikumbuka kadi yao siku ya homa tu.

Halmashauri na idara zinazonunua viti vya ofisi na mapazia haziwezi kudai kwamba zimeshindwa kununua mashine ya kupimia shinikizo kwa kila shule na kila jengo la ofisi, yenye mikanda ya kadiri mbili, na kumfundisha mtu mmoja au wawili namna ya kuitumia. Tarakimu ziandikwe katika daftari la mhusika mwenyewe, zisibandikwe ukutani wala kusomwa katika mkutano wa wafanyakazi. Zahanati iliyo karibu ipewe taarifa ya wale waliokutwa juu mara tatu. Na mwalimu kijana aliyeambiwa na mganga arudi baada ya wiki mbili apimwe tena, mkuu wake wa shule ampe ruhusa hiyo siku hiyo hiyo, bila kumwuliza ni presha gani hiyo katika umri wake.